Orodha ya madeni ndiyo kesi yenyewe ya muflisi

Mhariri,

Kurasa za matangazo ya kisheria katika magazeti yetu hazisomwi na wengi. Humo, kati ya tangazo la hati miliki iliyopotea na lile la mirathi, hutokea mara moja moja mistari michache inayosema kwamba fulani, wa sanduku la posta namba fulani, ameiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa muflisi, na kwamba mdai mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo hilo si la hiari. Sheria ya Ufilisi ya Kenya, nambari 18 ya mwaka 2015, inamtaka mdaiwa anayejipeleka mwenyewe mahakamani alichapishe katika gazeti linalosomwa mahali anapoishi. Wanaolisoma hudhani maisha ya mtu yamekwisha. Aliyelilipia naye, mara nyingi, hajaelezwa vizuri ameanza safari gani.

Kuna watu wa aina mbili wanaoumia. Wa kwanza ni yule anayeogopa neno "muflisi" kuliko anavyoogopa madalali, kwa hiyo anakopa huku ili alipe kule hadi analala na simu imezimwa. Wa pili ni yule anayedhani kujitangaza muflisi ni kama kufuta ubao: unaingia kortini asubuhi, jioni huna deni. Wote wawili wangesaidika kwa saa mbili za mazungumzo na mtu anayeijua kazi hii, mapema, kabla ya shamba kuandikwa jina la shemeji.

Tuanze na lile linalowashangaza wengi. Chini ya sheria ya zamani, Sura ya 53, muflisi alibaki muflisi mpaka aiombe mahakama imfungue, yaani imtoe katika hali hiyo, na wako walioishi hivyo miaka mingi. Sheria ya sasa humfungua muflisi yenyewe baada ya miaka 3. Lakini miaka hiyo haihesabiwi tangu siku jaji alipotoa amri. Huhesabiwa tangu siku muflisi alipomkabidhi msimamizi wa mali yake taarifa kamili ya hali yake ya kifedha. Anayeikalia taarifa hiyo kwa mwaka mzima, kwa sababu ya uvivu au kwa sababu kuna kiwanja hataki kukitaja, amejiongezea mwaka mmoja wa kuwa muflisi. Hili ndilo kosa ghali kuliko yote, na mtaalamu mzuri hulizuia kwa kuhakikisha taarifa imekamilika hata kabla ya kesi kufunguliwa.

Pia si kila mwenye madeni anahitaji kuwa muflisi. Sheria ina milango mingine, na kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kukuuliza maswali yatakayoonyesha mlango wako ni upi. Ukiketi mbele ya mtu akakuandalia karatasi za ufilisi kabla ya kukuuliza unadaiwa jumla ya shilingi ngapi na una nini, ondoka.

Kwa mtu asiye na mali kabisa kuna utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Huu hauendi mbele ya jaji. Maombi hupelekwa kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia ufilisi chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Jumla ya madeni lazima isipungue Sh100,000 wala kuzidi Sh4 milioni. Mwombaji awe hana mali inayoweza kuuzwa, awe hajawahi kuwa muflisi wala kuingia katika utaratibu huo awali, na ionekane kwamba mapato yake hayaachi chochote cha kuwalipa wadai. Akikubaliwa, wadai waliomo husimamishwa kumfuatilia, na baada ya miezi 12 madeni yanayohusika hufutwa. Fikiria kijana wa bodaboda aliyenyang'anywa pikipiki na mkopeshaji, anayekaa chumba cha kupanga, mwenye mikopo ya simu na salio la mkopo wa pikipiki, yote pamoja Sh380,000. Huyu hana sababu ya kulipia kesi ya Mahakama Kuu. Ila ajue masharti: jina lake litaingia katika rejista ya umma, haruhusiwi kukopa kimyakimya huku akificha kwamba yumo katika utaratibu huo, na ikigunduliwa kwamba alikuwa na ng'ombe wanne kwa mjomba, anatolewa na madeni yake yanafufuka.

Mwenye mapato ya kila mwezi lakini aliyezidiwa anaweza kuomba, kwa Mpokezi Rasmi huyo huyo, amri ya kulipa kwa awamu, ambapo madeni yasiyo na dhamana hukusanywa pamoja na msimamizi huwagawia wadai kadiri ya uwezo wa mdaiwa. Mlango huu unamfaa mwalimu au muuguzi ambaye hati yake ya mshahara imeliwa na makato lakini kazi bado anayo. Halafu kuna makubaliano ya hiari na wadai, yanayopitia mahakamani: mdaiwa huomba amri ya muda ya kumkinga, mtaalamu wa ufilisi huandaa pendekezo, wadai hulipigia kura, na likipita huwafunga hata waliolikataa. Benki yenye hati yako ya shamba, hata hivyo, haiwezi kupunguziwa haki yake juu ya shamba hilo bila yenyewe kukubali. Makubaliano haya huwafaa wafanyabiashara ambao duka bado linaingiza pesa na ambao wadai wao watapata zaidi likiendelea kuliko likifungwa.

Ufilisi wenyewe unamfaa yule ambaye madeni yamemzidi kabisa, ana mali kiasi lakini haitoshi, na wadai wameshindwa kukubaliana naye au wameshaanza kumkimbiza mmoja mmoja.

Sasa, msaada wa kitaalamu ni upi? Watu huchanganya. Wakili ndiye anayeandaa ombi na hati ya kiapo na kusimama mbele ya jaji. Mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa, ambaye kwa kawaida kitaaluma ni mhasibu, wakili au katibu wa kampuni, ndiye anayeweza kuteuliwa kusimamia mali au makubaliano na wadai, na hawezi kufanya kazi hiyo bila idhini ya Mpokezi Rasmi. Mhasibu wa kawaida anaweza kukusaidia kupanga hesabu, lakini hawezi kuteuliwa kuwa msimamizi. Kabla ya kutoa hata shilingi, thibitisha mambo mawili: kwamba wakili ana leseni ya mwaka huu, jambo ambalo Chama cha Mawakili hukuwezesha kuliangalia mtandaoni kwa jina lake; na kwamba anayejiita mtaalamu wa ufilisi yumo katika orodha ya Mpokezi Rasmi. Wale wanaozunguka nje ya mahakama na katika makundi ya WhatsApp wakiahidi "kusafisha CRB", yaani jina lako katika ofisi zinazoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, kwa siku tatu si mawakili wala si wahasibu. Hakuna mtu anayeweza kufuta taarifa sahihi katika ofisi hizo kwa kulipwa, na anayekuuliza PIN yako ya simu ili akufutie atakuachia deni jipya.

Nikae zaidi kwenye orodha ya madeni, kwa sababu kesi nyingi hufia hapo.

Ombi la mdaiwa huambatana na taarifa ya hali yake ya kifedha: anadaiwa na nani, kiasi gani, ana mali gani, anapata nini na anatumia nini. Mtu akiulizwa anadaiwa na nani, hutaja madeni makubwa matatu na kunyamaza. Yanayosahaulika ni yale ya kila siku. Kwa hiyo anza na simu. Chukua taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, ichapishe, na upite mstari kwa mstari ukiwa na kalamu ya rangi. Kila mahali pesa ilipoingia kutoka kwa mkopeshaji, weka alama. Kila mahali Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ilipokata, weka alama. Kila mahali ulipomtumia mtu yule yule kiasi kile kile kila wiki, jiulize kama hilo si deni. Kisha chukua ripoti zako katika ofisi za CRB. Nchini Kenya zenye leseni ni tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kila Mkenya ana haki ya ripoti moja bila malipo kwa mwaka. Chukua zote tatu, kwa sababu mkopeshaji mmoja anaweza kuonekana katika moja asionekane katika nyingine. Halafu hesabu yasiyoonekana popote: kodi ya nyumba ya miezi mitatu, karo, chama, mkopo wa masomo wa HELB, ushuru wa KRA, shailoki wa sokoni anayeshikilia kitambulisho chako, na duka la mtaa.

Mstari mmoja wa orodha ulioandikwa vibaya huonekana hivi: "Mama Njeri wa duka, kama elfu nane." Mstari huo huo ulioandikwa vizuri una jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho au kwenye M-Pesa, mahali duka lilipo, namba ya simu, Sh8,400, mwezi deni lilipoanza, kwamba ni bidhaa za dukani, na kwamba hakuna dhamana. Tofauti hiyo si ya urembo. Mdai ambaye hakutajwa hakupewa habari, na anaweza kuja baadaye kuiambia mahakama kwamba alifichwa. Jaji akishaona mmoja amefichwa, huanza kutafuta wa pili.

Kiasi nacho kikaguliwe, kisinakiliwe tu kutoka barua ya mkopeshaji. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, huwekea kikomo kile benki inachoweza kudai pindi mkopo unapokuwa haulipiki: salio la mkopo la siku hiyo, riba ya mkataba isiyozidi salio hilo, na gharama za kufuatilia deni. Ikiwa mkopo ulikwama ukiwa na salio la Sh200,000, benki haiwezi kudai zaidi ya Sh400,000 na gharama zake. Taarifa ikija imeandikwa Sh730,000, mhasibu ana kazi ya kufanya. Kumbuka tu kwamba kikomo hiki ni cha taasisi zilizo chini ya Sheria ya Benki. Usikitumie kubishana na chama chako cha akiba na mikopo.

Deni kuukuu nalo liangaliwe. Deni la mkataba ambalo halijapelekwa kortini kwa miaka 6 kwa kawaida haliwezi tena kushtakiwa, na hukumu ya mahakama huwa na miaka 12. Lakini ukilikiri kwa maandishi na kutia saini, au ukilipa sehemu yake, saa inaanza upya. Ndiyo maana anayekupigia akisema "tuma hata mia mbili tu kuonyesha nia njema" si lazima awe anakuhurumia. Kwa mkopo wa zamani, mwonyeshe wakili kwanza kabla ya kutuma chochote au kujibu ujumbe.

Upande wa mali, ukweli wote ni lazima, na watu huogopa bila sababu katika baadhi ya mambo. Vifaa vya lazima vya kazi, kama cherehani ya fundi nguo, na vyombo vya lazima vya nyumbani, hubaki kwa muflisi katika viwango vinavyokubalika. Msimamizi hatakuja kubeba kitanda cha watoto. Shamba lililoandikwa majina ya watu wawili haliendi lote. Inayoingia katika ufilisi ni sehemu ya mdaiwa. Hapa mke au mume atafute ushauri wake mwenyewe, asitegemee wakili wa mwenzake. Akiba ya uzeeni ina ulinzi wake katika sheria za mafao ya kustaafu. Kosa tunaloliona likijirudia ni mtu kutoa akiba hiyo ili alipe wakopeshaji wa simu, kisha bado akafilisika. Pesa iliyokuwa imelindwa imekwenda, na madeni yamebaki.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hugundua zikiwa zimechelewa. Mali inayomfikia muflisi kabla hajafunguliwa nayo huangukia mikononi mwa msimamizi. Mzazi akifariki katika mwaka wa pili na mirathi ikagawanywa, fungu la muflisi huenda kwa wadai wake. Ikiwa mzazi ni mgonjwa au kesi ya mirathi iko kortini, mwambie mtaalamu siku ya kwanza, wala usimfiche jambo hili.

Wenye dhamana wana njia yao. Amri ya ufilisi haiizuii benki yenye rehani kuuza ardhi iliyowekwa dhamana. Hufuata Sheria ya Ardhi ya 2012: notisi ya siku 90, kisha notisi ya kuuza ya siku 40, na madalali nao wana notisi yao. Kwa hiyo anayefungua kesi ya ufilisi ili kuokoa nyumba yenye rehani amekosea mlango. Anachopata ni kwamba, nyumba ikishauzwa na pesa zikapungua, lile pengo linabaki deni la kawaida linaloingia katika ufilisi pamoja na mengine.

Wadhamini ndio wanaoniumiza moyo zaidi. Katika vyama vya akiba na mikopo, mkopo husimama juu ya saini za wenzako watatu au wanne. Muflisi akifunguliwa, wadhamini hawafunguliwi naye. Sheria inasema hivyo waziwazi, na chama kitawakata wao hadi senti ya mwisho. Mdaiwa mwungwana huwaita mapema, kabla hawajasoma tangazo gazetini, awaeleze ili nao wajipange, pengine kwa kuomba chama kiwaongezee muda. Na wao pia waingie kwenye orodha, kwa sababu mdhamini akishalipa kwa niaba yako anakuwa mdai wako. Orodha nyingi husahau mstari huo.

Sasa yaliyofanywa kabla ya kesi. Msimamizi wa mali ana uwezo wa kurudi nyuma na kubatilisha uhamisho uliofanywa kuwakwepa wadai au kumpendelea mmoja wao. Rekodi za ardhi na za usajili wa magari za NTSA zina tarehe. Gari lililohamishwa jina kwenda kwa dada wiki tatu kabla ya ombi, kwa bei ya kutupa, hurudishwa, na muflisi mwenyewe anaweza kushtakiwa. Kumlipa ndugu yako Sh150,000 zote huku wengine hawapati kitu, ati kwa sababu yeye ni wa damu, nako ni upendeleo unaoweza kubatilishwa, halafu ndugu ndiye atakayedaiwa azirudishe. Kukopa ukijua umeshaamua kujitangaza muflisi ni kosa baya zaidi. Siku unapoamua kutafuta mtaalamu, ndiyo siku ya kuacha kukopa, kuacha kuhamisha mali, na kuacha kuchagua nani alipwe kwanza bila ushauri.

Majaji wetu wamekataa maombi mengi ya wadaiwa, na sababu hujirudia: mwombaji ana mdai mmoja tu mwenye hukumu, anakimbia kifungo cha madeni, na ana uwezo wa kulipa kwa awamu. Mahakama huliita hilo matumizi mabaya ya sheria. Anayekabiliwa na kifungo cha madeni kwa deni moja aende katika korti ile ile iliyotoa hukumu, akiwa na hati ya mshahara au hesabu za biashara, aombe alipe kwa awamu. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu. Kuanzia hapo, akishindwa kweli, rekodi hiyo itamsaidia kuonyesha kwamba alijaribu.

Ombi lenyewe, mambo yakiwa yamepangwa, huenda hivi. Wakili huandaa ombi na hati ya kiapo, na taarifa ya hali ya kifedha huambatanishwa, hati ya kiapo ikiwa imesainiwa mbele ya kamishna wa viapo. Hufunguliwa Mahakama Kuu na Mpokezi Rasmi hupewa nakala. Tangazo hutoka gazetini. Kata ukurasa mzima wenye tarehe, usikate tangazo peke yake, maana mahakama itataka kujua lilitoka lini na katika gazeti gani. Wadai wanaweza kuomba ruhusa ya kupinga. Mahakama inaweza kutaka kwanza ichunguzwe kama kuna nafasi ya makubaliano na wadai. Amri ikitoka, wadai wasio na dhamana hawaruhusiwi kuendelea kumfuata mdaiwa kivyao. Lazima wawasilishe madai yao kwa msimamizi. Mpe wakili orodha ya kila kesi iliyo kortini dhidi yako, namba na mahali, ili aziandikie korti hizo. Dalali hatajua kuna amri kama hakuna aliyempelekea nakala, na mali imewahi kubebwa kwa sababu karatasi ilikaa mezani siku mbili.

Wakopeshaji wa simu wanaoendelea kupigia jamaa na waajiri baada ya hapo wanavunja kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, ambazo zinawakataza kutisha wadaiwa na kuwasiliana na watu waliomo kwenye simu zao ili kuwaaibisha. Hifadhi picha za jumbe na rekodi za simu, na umkabidhi wakili.

Katika ile miaka 3, maisha yanaendelea lakini yana mipaka. Muflisi huhitaji kibali ili asafiri nje ya nchi au aendeshe biashara. Hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Kwa Kifungu cha 99 cha Katiba hawezi kuchaguliwa mbunge, na hali ni hiyo kwa wawakilishi wadi. Anaweza kutakiwa kuchangia sehemu ya mapato yake. Akihama nyumba au kubadilisha kazi, amwarifu msimamizi. Yote haya yanavumilika kwa mtu aliyeelezwa mapema. Wanaovunjika moyo ni wale waliojua habari ya kusafiri siku tiketi ya kwenda kazini Qatar ilipokwisha kulipiwa. Yako pia madeni ambayo hayafutwi: yaliyopatikana kwa ulaghai, na matunzo ya mke, mume au watoto yaliyoamriwa na mahakama. Baba anayedhani ufilisi utamwondolea matunzo ya watoto hatasaidika.

Kuhusu gharama, omba ziandikwe zikiwa zimegawanywa: ada za mahakama, amana na ada za Mpokezi Rasmi, bei ya tangazo, malipo ya wakili, na malipo ya mtaalamu atakayesimamia. Sheria ya Mawakili inaruhusu makubaliano ya malipo kwa maandishi yenye saini, dai hayo. Uliza swali moja zaidi: je, hii bei inahusu nini, mpaka amri itoke tu, au mpaka nifunguliwe? Wengi hulipia nusu ya kwanza, kisha hubaki peke yao pale msimamizi anapoitisha hati, mdai mmoja anapopinga kufunguliwa kwao, au CRB inapoendelea kuonyesha deni kama linalodaiwa bado. Kazi ya kuandikia wakopeshaji ili warekebishe taarifa baada ya kufunguliwa iwemo kwenye makubaliano hayo.

Nina ombi kwa wahusika kupitia ukurasa wako. Fomu za kanuni za ufilisi za mwaka 2016, ambazo mdaiwa asiye na mali anatarajiwa kuzijaza, zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Katiba, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mpokezi Rasmi azitoe kwa Kiswahili, akianza na fomu ya mdaiwa asiye na mali na ile ya kulipa kwa awamu, kwa kuwa ndizo za watu wasioweza kumlipa wakili. Aweke pia siku moja kwa mwezi ya afisa wake kukaa Huduma Centre katika kila kaunti, akiwa na fomu hizo mezani na mtu wa kumsaidia mwananchi kujaza safu ya wadai, jina kwa jina.

Mhasibu, Nakuru